Vigari vya chuma vya zamani: maswali ambayo watu wa Kigoma wanauliza kila siku

Haya ni maswali yanayojirudia kila mtu akiokota kigari cha zamani kwenye kabati la babu yake, iwe Ujiji, Mwanga, Gungu au huko Kasulu, afu anatuma picha watsapp saa tano usiku anauliza "hiki ni bei gani". Nimeyakusanya sehemu moja ili nisiwe naandika jibu lilelile. Yameanzia ya msingi yakaenda mpaka yale yenye utata, na jibu likiwa limeshatolewa juu nitakurudisha huko. Kama una haraka na tayari umeshika msasa mkononi, weka chini kwanza usome "Nipake rangi upya au niache".

## Ya mwanzo kabisa

Vigari tunavyoongelea hapa ni vipi hasa?

Ni vile vigari vidogo vizito vya chuma, vilivyomiminwa kwenye kalibu kiwandani na kuuzwa kama vya kuchezea watoto. Chuma chenyewe sio chuma kweli, ni mchanganyiko wa zinki na aluminiamu kidogo (kama asilimia 4) na vitu vingine, Waingereza wanauita Mazak na Wajerumani Zamak. Ndo maana sumaku haikamati bodi, inakamata ekseli tu na wakati mwingine lile bati la chini.

Majina utakayokutana nayo sana ni matatu, yote ya Uingereza. Dinky Toys walikuwa Liverpool, barabara ya Binns, ni kampuni ya Meccano ya yule mzee Frank Hornby, jina la Dinky lilianza 1934 na kiwanda kikafungwa 1979. Corgi walikuwa Swansea kule Wales, walianza 1956 chini ya kampuni ya Mettoy. Matchbox walikuwa London, kampuni yao iliitwa Lesney, jina limeunganishwa kutoka kwa Leslie Smith na Rodney Smith ambao wala hawakuwa ndugu, na ule mfululizo wao wa vigari vyenye namba 1 mpaka 75 ulianza 1953. Nje ya hao kuna Solido na Norev wa Ufaransa, Tekno wa Denmark, Siku na Schuco na Märklin wa Ujerumani, Spot-On waliotengenezwa Belfast, na Tomica wa Japani walioanza 1970.

Vimefikaje Kigoma vitu hivi?

Njia ni nyingi na ndo raha yenyewe ya kuchunguza. Reli ilifika hapa 1914 na toka hapo kila aina ya mzigo umeshuka stesheni ya Kigoma, kulikuwa na familia za wafanyakazi wa reli na bandari, mapadre wa misheni, wenye maduka, maofisa wa serikali ya kikoloni. Watu wakihama wanaacha vitu, watoto wa jirani wanarithi.

Kitu ambacho wengi hawajui, Ubelgiji walikuwa na eneo lao hapa bandarini kwa mkataba wa 1921 kwasababu ya mizigo ya Kongo na Burundi. Kwahiyo ukikuta kigari chini kimeandikwa Kifaransa usishangae na usidhani ni feki, ng'ambo ya ziwa walikuwa wanaongea Kifaransa. Dinky wenyewe walikuwa na kiwanda cha pili Ufaransa, pale Bobigny, na matoleo yake ni tofauti na ya Liverpool.

Skeli ni nini na naipimaje?

Ni gari halisi limepunguzwa mara ngapi. 1:43 maana yake limepunguzwa mara 43, na namba hiyo ya ajabu imetokana na treni za kuchezea, walikuwa wanahesabu milimita 7 kwa kila futi moja. Chukua rula, pima urefu wa kigari, tafuta urefu wa gari lenyewe, gawanya. Kobe wa Volkswagen ana kama mita 4.07, kwahiyo wa 1:43 atakuwa sentimita 9 na nusu hivi.

Dinky na Corgi nyingi zinazungukia hapo kwenye 1:43 lakini sio kwa uaminifu sana, malori wanayapunguza zaidi. Matchbox wao hawakujali kabisa, walitaka gari liingie kwenye kile kiboksi, ndo maana basi na gari dogo la abiria vinalingana urefu. Ukipima Matchbox ukapata namba isiyoeleweka hujakosea hesabu.

Mi nina gari la waya, au la kopo la mafuta, linahesabika?

Kwangu linahesabika sana tu, ila halitakuwa kwenye katalogi yoyote duniani. Mengi ya majibu ya chini hayakuhusu, isipokuwa kuosha, kutunza, na kuandika historia. Gari la kopo lenye maandishi ya mafuta ya kupikia ya miaka ya sabini, hilo usilipake rangi hata kidogo, maandishi ndo mali yenyewe.

## Kutambua ulichonacho

Nianzie wapi?

Kigeuze. Asilimia kubwa ya majibu yako chini kwenye bati: jina la kampuni, jina la gari, namba, nchi. Kama kuna uchafu osha kwanza (angalia "Naoshaje"), afu zima taa ya chumba, washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu, sio kwa juu, herufi zilizofifia zinatokea kwa kivuli chake. Piga picha hapohapo.

Kwenye Dinky angalia namba ina herufi au haina. Mpaka 1954 walikuwa wanatumia namba yenye herufi, baada ya hapo wakahamia namba tupu za tarakimu tatu. Mfano mzuri kwetu ni Land Rover, ambayo ndo gari lililojaza barabara za huku: ilitoka 1950 ikiwa 27D, 1954 ikageuzwa 340, kigari ni kilekile. Kwahiyo mtu akikuambia ana mbili tofauti muulize vizuri.

Chini hamna maandishi, au yamefutika kabisa.

Hapo unasoma mwili. Angalia vioo: Corgi walipoingia 1956 sifa yao kubwa ilikuwa madirisha ya plastiki, kabla ya hapo vigari vilikuwa na matundu tu, na Dinky wakalazimika kufuata kama 1958. Bonyeza kwa juu, kikinesa kama kina springi ni cha kuanzia mwisho wa miaka ya hamsini kuja mbele.

Angalia magurudumu, hayo ndo yanasema ukweli zaidi. Matchbox za mwanzo zina magurudumu ya chuma, zikafuata za plastiki ya kijivu, afu nyeusi, na mwaka 1969 wakaleta Superfast, yale magurudumu membamba yanayoteleza kwa kasi, kwasababu mwaka mmoja kabla Mattel wa Marekani walikuwa wameleta Hot Wheels na watoto wote wakahamia huko. Corgi na Dinky nao wakabadilisha kipindi hichohicho. Kwahiyo gurudumu la mwendokasi kwenye gari la zamani lina maana mbili: ni toleo la baadae, au mtu amebadilisha.

Kuna tarehe au namba ya hataza (patent) chini, ndo mwaka kilipotengenezwa?

Mara nyingi sio. Solido wanaandika mwezi na mwaka, lakini hiyo ni tarehe ya modeli ilipoanza, kalibu hiyohiyo imeendelea kumwaga magari miaka na miaka. Namba ya hataza ndo kabisa, hiyo inalinda ufundi fulani, labda springi au mlango, na inaweza kuwa imeandikwa kwenye magari kumi tofauti. Tarehe inakuambia "si kabla ya hapa", basi. Mwaka wenyewe unaupata kwa kulinganisha rangi, magurudumu na vioo na picha za katalogi za zamani, ambazo watu wameshaziskani na ziko mtandaoni.

Changu kina namba za mashindano, ni cha Safari Rally?

Inawezekana, na hili swali nalipenda. Rally ilianza 1953, na barabara za Tanganyika zilikuwa sehemu yake. Corgi walitoa kobe wa Volkswagen wa East African Safari, namba 256, katikati ya miaka ya sitini, ana tairi la spea juu ya paa ambalo ukilizungusha magurudumu ya mbele yanakata kona, na alikuja na kifaru mdogo wa plastiki (kifaru ndo hupotea wa kwanza, ukimpata mfunge kwa uzi). Miaka ya sabini mwanzoni wakatoa Datsun 240Z ya Safari, namba 394.

Peugeot 404 ni kesi nyingine. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda nayo 1966 na 1967, kwahiyo vijana wengi enzi hizo walikuwa wanachukua 404 ya kawaida ya Dinky ya Ufaransa wanachora namba wenyewe. Ukikuta namba imechorwa kwa brashi mkono ukitetemeka, usiharakishe kuifuta. Sio ya kiwandani, ndio, lakini ni ya hapahapa na ya wakati uleule, na mi binafsi naipenda kuliko stika ya kiwanda.

Nitajuaje kama ni cha kweli au nakala mpya?

Maandishi peke yake yasikutoshe, kwasababu kampuni ya Atlas ilitoa nakala za Dinky zilizotengenezwa China na zimeiga karibu kila kitu pamoja na boksi. Cha zamani kina uchovu wa kueleweka: rangi imemeguka kwenye kona na paa, sehemu ambazo mtoto angekigonga, sio katikati ya mlango. Kichwa cha riveti (kile kinundu kinachoshika bati la chini) kina rangi ya chuma kilichozeeka. Matairi magumu. Kigari kinachosemekana cha 1950 halafu tairi linanesa kama jipya na ndani kunanukia plastiki mpya, muuzaji akueleze vizuri.

Historia yake naipata wapi?

Kwa aliyekupa, na leo, sio mwaka kesho. Land Rover za Dinky namba 340 ziko nyingi duniani, ila ile iliyokuwa ya mtoto wa karani wa reli pale Kigoma ni moja. Nenda kaamkie wazee, kaa chini, usianze na maswali kama polisi. Weka kigari mezani waache wakishike, kumbukumbu zinakuja zenyewe: nani alileta, walikuwa wanaishi kota zipi, kilikuwa na mwenzake. Andika jina la aliyesimulia na tarehe, rekodi sauti kama ameruhusu. Omba pia kuona albamu, nimeshaona kigari kikionekana kwenye kona ya picha ya komunyo ya kwanza na picha ina mwaka nyuma, ushahidi mzuri kuliko huo sijui utaupata wapi.

## Kabla hujakigusa

Kina unga mweupe, kinaoza?

Kuna vitu viwili vinavyofanana na usivichanganye. Cha kwanza ni kutu ya kawaida ya zinki, unga mweupe juujuu pale rangi ilipotoka, unasugua unatoka na chuma chini kiko imara. Hicho hakina shida.

Cha pili ndo kibaya. Zamani, hasa kabla ya vita vya pili, viwanda vilikuwa havichungi usafi wa zinki, madini ya risasi kidogo tu yakiingia kwenye mchanganyiko chuma kinaanza kuliwa kutoka ndani, kwenye mipaka ya chembechembe zake. Utaona nyufa nyingi ndogo kama matope yaliyokauka, bodi inavimba, milango haifungi tena, ekseli zimebanwa, na ukikibonyeza kona inabaki mkononi. Joto na unyevu vinaharakisha, na sisi huku tunavyo vyote. Dawa hamna. Hamna gundi, hamna rangi, hamna mafuta yatakayorudisha, unachoweza ni kupunguza kasi: pakavu, pasipo na joto kali, usikifungue, usikibane. Piga picha nyingi kila upande kwa rula, maana picha zitabaki.

Na haiambukizi, watu wanauliza sana hili. Kigari kilichooza hakiozeshi jirani yake.

Rangi zake zina sumu?

Za zamani chukulia zina risasi ndani, ndo salama. Kwahiyo usisugue kikavu hata siku moja, sugua na maji, vaa barakoa, tandaza gazeti ulitupe, nawa mikono kabla ya kula. Na usifanyie jikoni ambapo dagaa wameanikwa.

Naoshaje?

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja, mswaki laini wa zamani, taratibu. Usikiloweke, maji yakiingia ndani ya kigari chenye riveti hayatoki na ekseli zitapata kutu. Stika za karatasi usiziguse na maji kabisa. Ukimaliza kipeperushe, kiache kivulini kwenye upepo, sio juani juu ya bati.

Nipake mawese king'ae? Au mafuta ya nazi?

Hapana jamani. Kinang'aa siku mbili afu vumbi lote linaganda, mafuta ya kula yanachacha yanakuwa gundi na sisimizi wanakuja. Kuna ambao huwa wananitolea mfano wa meli ya Liemba, kwamba Wajerumani waliipaka mashine zake grisi kabla ya kuizamisha 1916 na ilipotolewa 1924 bado zinafaa. Kweli, lakini ile ilikuwa inakwenda kukaa chini ya maji, kigari chako kinakaa kabatini. Tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye ekseli linatosha.

## Kufufua

Nipake rangi upya au niache?

Msimamo wangu: rangi ya kiwandani ikiwa imebaki hata nusu, acha. Rangi ndo hati ya gari, inasema ni toleo gani, la mwaka gani, limechezewaje, ukishaitoa hairudi. Mnunuzi makini anamlipa zaidi mwenye gari lililochubuka kuliko lililopakwa upya vizuri, na hata kama huuzi, siku ukigundua rangi uliyokwangua ilikuwa ile adimu utalala na njaa.

Paka upya kama rangi imekwisha kabisa, au mtu alishapaka rangi ya mlango juu yake, au kigari ni cha kawaida sana na kipo kwa maelfu na wewe unataka kujifunza mkono. Hapo endelea bila hofu, jifunzie kwenye Matchbox iliyopigwapigwa, usijifunzie kwenye Dinky ya mjomba.

Rangi yake ya asili ilikuwa ipi?

Usiangalie gari halisi, angalia kiwanda kilipaka nini. Aston Martin ya James Bond ya Corgi, namba 261 ya 1965, ilipakwa rangi ya dhahabu wakati gari lenyewe lilikuwa la rangi ya fedha. Land Rover ya Dinky ilitoka kijani na pia machungwa, na nimesikia watu wakibisha kwamba ya machungwa imepakwa na mtoto, hapana, ndo kiwandani hivyo. Ushahidi utaupata ndani: chini ya ukingo wa bati, kuzunguka riveti, kwenye tundu la ekseli, sehemu ambazo brashi ya mtaani haifiki. Toboa dirisha dogo kwenye rangi ya juu kwa ncha ya kijiti na thina, uone tabaka zinavyopangana.

Nakifunguaje wakati kimepigwa riveti?

Riveti ni kinundu cha bodi yenyewe kilichogongwa kikatandazika juu ya bati la chini. Unatoboa kichwa tu, sio shina lote. Gonga alama katikati kwanza ili biti isiteleze, tumia biti inayokaribia upana wa shina, drili ya mkono au ile ndogo ya mafundi simu ni bora kuliko drili kubwa ya mbao ambayo itakimbia mpaka itokee kwenye paa. Kichwa kikilegea bati linanyanyuka lenyewe. Baadae unatoboa shina kwa biti ndogo unaweka skrubu ya milimita 2, mafundi simu pale Mwanga wanazo za kutosha kwenye makopo yao.

Kabla ya kuvuta, piga picha jinsi vioo, viti na springi vilivyokaa.

Natoaje rangi ya zamani?

Kinachopatikana kirahisi huku ni dawa ya kutolea rangi ya mafundi wa magari. Unapaka na brashi, unafunika na nailoni, unasubiri, unasugua na mswaki, unaosha. Glavu, nje, upepo uwe mgongoni. Toa kila kitu cha plastiki kwanza maana itakiyeyusha.

Sasa kuhusu kostiki, hii ya kutengenezea sabuni ya mawese ambayo kila nyumba ya pili wanayo. Inatoa rangi, sikatai, lakini inakula zinki na aluminiamu pia, ukiona mapovu ujue chuma chenyewe kinaondoka, na kikitoka kimekuwa cheusi na herufi za chini zimelainika. Ikigusa jicho ni upofu. Mi siishauri. Mafuta ya breki yanatoa rangi polepole kwa kuloweka, yanasaidia pale dawa kali inapotisha. Asetoni ya saluni inafaa sehemu ndogo tu.

Naipakaje rangi mpya hapa kwetu?

Msasa wa maji namba 600 kwenda 1000, mwepesi, usifute mistari ya milango. Praima nyembamba, ya chuma. Puti usiweke kama hakuna shimo. Afu rangi tabaka nyembamba mbili tatu, kopo la spirei linatosha, au mpelekee fundi rangi wa magari rangi ikibaki kwenye bunduki yake ya kupulizia umwombe apunguze presha, wengi wanakubali wanacheka.

Adui ni vumbi na mvua. Kiangazi vumbi la Kigoma linaingia hadi kwenye friji, kwahiyo paka asubuhi mapema umemwagia sakafu maji, ufunike kigari na boksi safi. Msimu wa mvua, kama Novemba mpaka Aprili, unyevu unafanya rangi iwe na ukungu mweupe, subiri siku ya jua. Usikaushe kwenye jiko, zinki hii inayeyuka kama nyuzi 385 na inaanza kulegea kabla ya hapo.

Matairi yamepasuka au hayapo.

Yapo mapya ya kuiga yanauzwa Uingereza, kwa kila saizi, ni mepesi kwahiyo yanaingia kwenye bahasha. Wakati unasubiri nenda maduka ya spea na rimu yako mkononi, tafuta oringi (kile kipete cha mpira) inayoikaa, kwa mbali huwezi kutofautisha na matairi ya Dinky ya mwanzo yasiyo na kashata. Usipake matairi ya zamani kiwi cha viatu wala dizeli, yanalainika kidogo afu yanakatika.

Ekseli imeoza.

Spoki ya baiskeli. Pima unene na venia kwanza kwasababu spoki zenyewe hazifanani, kata, piga ncha moja ikatandazike, pitisha, piga ya pili taratibu kigari kikiwa kimekaa juu ya kitambaa. Ekseli ya asili weka kwenye kipakiti, usitupe.

Vioo vimefifia, na gundi gani nitumie?

Mikwaruzo midogo inatoka na dawa ya meno na kitambaa laini, sugua kwa mviringo. Gundi ya supa gluu usiitumie karibu na kioo hata kidogo, mvuke wake unaacha utando mweupe. Kwa chuma kilichovunjika tumia gundi ya kuchanganya mbili kama Araldite, inakupa muda wa kupanga. Kuchomelea usithubutu, umeshasoma juu kinayeyuka nyuzi ngapi, fundi gesi ataondoka na gari zima.

## Kutunza, bei na spea

Nitunzeje kwa hali ya hewa ya huku?

Kabatini, mbali na dirisha la ziwani na mbali na bati la juu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vikusanye. Usifunge kwenye nailoni inayobana, inatega jasho. Usiweke juu ya sponji wala kwenye droo ya mbao mbichi, zinatoa hewa ya asidi inayokula chuma.

Boksi lake limechakaa, nitupe?

Usitupe!! Kipande cha boksi chenye namba ni ushahidi na ni hela. Kuna wanunuzi wanaonunua boksi tupu. Usigundishe na selotepu, inaacha doa la njano lisilotoka.

Kinauzwa shilingi ngapi?

Hakuna bei moja. Inategemea toleo, hali, na boksi. Kwenye eBay usiangalie bei watu wanazoomba, chuja uone zilizokwisha kuuzwa, ndo ukweli. Minada ya Vectis kule Uingereza inashughulika na vitu vya kuchezea na matokeo yao yanaonekana mtandaoni, linganisha na hali ya cha kwako bila kujidanganya. Vingi vilivyochezewa huku havina boksi na rangi imechubuka, kwahiyo usitegemee kununulia kiwanja.

Spea nikiagiza nje zinafikaje?

Posta, kupitia Dar. Agiza vidogo, mwambie muuzaji aandike wazi ni vipuri vya gari la kuchezea, na weka S.L.P. inayofanya kazi. Ukiungana na wenzako watatu gharama ya kutuma inagawanyika.

## Yenye utata

Kigari cha plastiki cha Norev kimepinda kama ndizi.

Ile plastiki yao ya zamani inapinda yenyewe kwa miaka na joto. Wapo wanaojaribu maji ya moto na kubana, wakati mwingine inarudi, mara nyingi inapasuka. Kama bati la chini bado linakaa kiache, kama linakisukuma lilegeze.

Matairi yameyeyusha rimu, kweli inawezekana?

Inawezekana. Matairi laini ya plastiki yana kemikali ya kulainisha inayohama taratibu, ikikutana na rimu ya plastiki ngumu inaila mpaka vinashikana. Ndo maana kigari kisikae miaka kimegusa kingine, wala juu ya mfuniko wa plastiki.

Fundi ameshakipaka rangi nyekundu ya bodaboda, nimekosa kila kitu?

Hapana. Kwanza angalia chini ya rangi kama nilivyoeleza kwenye "Rangi yake ya asili". Kama ya kiwandani ipo, mwenye subira anaweza kuifikia kwa asetoni na pamba, kidogokidogo. Kama haipo, tengeneza vizuri na useme wazi. Wakusanyaji wana madaraja: code 1 ni cha kiwandani kama kilivyo, code 2 kimebadilishwa kwa idhini ya kiwanda, code 3 kimebadilishwa na mtu binafsi. Chako ni code 3, hakuna aibu, aibu ni kukiuza kama cha kwanza. Andika kikaratasi cha kazi zote ulizofanya na tarehe, kibandike ndani ya bati kabla hujafunga skrubu.

Kigari ni cha marehemu babu, mi nataka kukifufua, shangazi anasema kisiguswe.

Msikilize shangazi. Mara nyingi yuko sahihi hata kitaalamu (rudi "Nipake rangi upya au niache"). Muombe mambo mawili tu ambayo hayabadilishi sura: kukiosha, na kuweka ekseli ili kitembee. Akikubali fanya mbele yake, ile ekseli ya zamani mkabidhi. Akikataa, muombe akuruhusu upige picha na uandike anachokumbuka, maana hiyo nusu ya kazi haihitaji msasa, na shangazi ndo pekee anayejua kilikuwa cha nani kabla ya babu.